Cheti cha Ndoa katika Faili la Askari

Katika kazi ya utumishi niliyoifanya hapa Arusha, kipengele cha fomu kinachouliza jina la mwenza ndicho kilichobeba fedha nyingi kuliko vyote, kwa sababu nyumba, matibabu, uhamisho na mafao ya kifo hufuata jibu lake. Kwetu jibu halina utata, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Jeshi la Marekani, kwa upande wake, lililazimika kulijibu upya swali hilo huku askari wenyewe wakiwa tayari kambini.

Tangu Septemba 20, 2011, mashoga na wasagaji waliruhusiwa kutumikia jeshi hilo bila kujificha. Hata hivyo, sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 iliendelea kumtambua mwenza wa jinsia tofauti pekee, hivyo askari mwanamke aliyeolewa kihalali na mwanamke mwenzake katika jimbo la Massachusetts hakuweza kumwandikisha mwenza wake kupata matibabu ya jeshi. Makamanda hawakuwa na hiari katika hilo.

Juni 26, 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kifungu hicho cha sheria ya 1996 katika kesi ya Edith Windsor, mjane wa mwanamke mwenzake aliyetozwa kodi ya mirathi ya dola 363,053 kwa kuwa ndoa yao haikutambuliwa. Mwezi Agosti Wizara ya Ulinzi ikatangaza stahiki kamili, na kwa waliokwisha kuoana zikahesabiwa kuanzia siku ya hukumu. Kilichonishangaza zaidi ni likizo: askari aliyepangiwa kituo kilicho zaidi ya maili 100 kutoka jimbo linaloruhusu ndoa hizo alipewa hadi siku 7, au 10 akiwa ng'ambo, ili asafiri kwenda kuoana. Ni nadra waraka wa utumishi kukiri waziwazi kiasi hicho kwamba mwajiri ndiye aliyempeleka mtumishi mahali ambapo haki yake haipatikani.

Texas, Mississippi na Louisiana ziligoma kutoa vitambulisho vya wenza hao katika ofisi za majimbo za Walinzi wa Taifa, yaani jeshi la akiba la kila jimbo, mpaka Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alipozishinikiza. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 26, 2015, iliyohalalisha ndoa hizo nchi nzima, iliondoa tofauti za majimbo, lakini haikugusa sheria za nchi nyingine, kwa hiyo askari anayepangiwa ng'ambo na mwenza wa jinsia yake bado hutegemea nchi mwenyeji kukubali kumpokea mwenza huyo.