Siku moja ya mjitolea wa mafuriko, Bonde la Msimbazi

Saa 11 alfajiri. Nasoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya chai. Leo wametoa angalizo la mvua kubwa kwa Dar es Salaam na Pwani, yaani huenda ikavuka milimita 50 ndani ya saa 24. Kisha naangalia jedwali la kupwa na kujaa. Wengi hawajui kwamba bahari nayo ina usemi kwenye mafuriko ya Jangwani, mtaa wa bondeni hapa Dar es Salaam. Mto Msimbazi unamwaga maji baharini pale daraja la Salender, na mto uliofura ukikutana na bamvua, yaani bahari iliyojaa kupita kawaida, maji hukosa njia na kurudi nyuma hadi majumbani. Kesho bahari inajaa saa 10 alfajiri. Hiyo ndiyo saa ya kuiogopa.

Saa 1. Darajani. Nguzo imepakwa mistari mitatu: mweupe, wa njano, mwekundu. Mstari peke yake hautoshi, lazima ujue maji yanapanda kwa kasi gani, ndiyo maana mvua ikianza tunasoma kila nusu saa. Nampigia pia mwenzetu wa Pugu, kule vilimani mto unakotokea. Huku jua linaweza kuwaka, kumbe mvua ya vilimani iko njiani inatujia.

Saa 2 hadi saa 5 ni mitaro na viroba. Kalavati huzibuliwa kuanzia mdomo wa chini kwenda juu, na taka ziondoke siku hiyohiyo, maana zikiachwa ukingoni mvua ya kwanza inazirudisha. Kiroba kijazwe mchanga nusu au zaidi kidogo. Kikijaa pomoni hakilaliani na mwenzake, maji yanapita katikati.

Saa 5 ndipo kazi yenyewe inapoanza: vyoo.

Kuna nyumba ya wapangaji yenye tundu ubavuni mwa shimo la choo, limezibwa kwa matambara. Mvua ikikolea, matambara yanachomolewa na choo kinatapishwa mtaroni. Mwenye nyumba tunamheshimu, ni mzee wetu, lakini mazungumzo haya yanachosha kuliko sepetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua mmefuata nini. Gari la kunyonya haliingii uchochoro huu, na bei yake mnaijua. Mto unabeba kila kitu, wanangu."

"Unabeba, mzee, lakini kwanza yanazunguka uani kwa wapangaji wako, yanaingia kisima cha pale chini, halafu ndiyo yaufikie mto."

Anakubali, anakataa, anaingia ndani, anarudi. Wapangaji wanasema choo ni cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema wanaokijaza ni wao. Jua la saa 7 linatukuta palepale. Kinachomaliza ubishi ni hesabu. Vijana wenye pampu ya mkono wanavuta na kujaza mapipa ya lita 200, yanasukumwa kwa mkokoteni hadi gari linapoweza kusimama. Mapipa matano ni mita moja ya ujazo, na kwenye shimo la mita 1.2 kwa 1.2 kinyesi kinashuka kama sentimita 70. Shimo halijaisha, ila masika linayavuka. Gharama ikigawanywa kwa vyumba, kila mtu anaiweza.

Pampu inakwama mara mbili kwa sababu ya vitambaa na pedi, vinavyotakiwa kuopolewa kwa ndoano kabla ya kuanza. Tundu la ubavuni linazibwa kwa mawe na saruji. Tundu la kuchuchumalia linawekewa kiroba cha mchanga kilichofungwa nailoni, ili maji yakipanda yasisukume uchafu juu. Tunamaliza alasiri, nguo hazifai kuingia nazo ndani. Mtu akisema wajitolea wa mafuriko wanangoja maji yaje wapigwe picha, namwomba aje siku kama hii.

Wengine huuliza kwa nini watu hawahami. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali na Kariakoo na vibarua vyao, na baadhi zikarudi. Siku hizi wapo waliolipwa fidia wakaondoka. Waliobaki wengi ni wapangaji, na fidia ya nyumba si yao.

Jioni nyumba kwa nyumba: vyeti na dawa za kila siku kwenye mfuko wa nailoni, godoro juu, swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajafika kizingitini. Ufunguo wa darasa la kukimbilia nauhakikisha kwa kuufungulia mlango mwenyewe.

Mvua inaanza baada ya Isha. Usiku wa manane maji yanagusa njano, filimbi zinapigwa, kipaza sauti cha msikiti kinafuata. Wanatangulia walioandikwa kwenye daftari: wazee, wagonjwa, wajawazito, wenye watoto wachanga. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini havuki mtu.

Mstari mwekundu haukuguswa. Kunapokucha tunagawa vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa ndoo ya lita 20. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kisha yatiwe kidonge na kusubiri nusu saa kabla ya kunywewa. Tope la ndani litolewe likiwa bichi, na umeme usiwashwe mpaka fundi akague soketi.