Siku moja na seva za watu: kufuli, kerneli na "zima uwashe tu"

Ukisema unatunza seva, jirani anakuletea printa. Kazi yenyewe haionekani: vifurushi vya programu kwenye mashine za Linux za wateja visasishwe bila mteja kujua kuna kilichofanyika. Nyingi tulizo nazo ni Ubuntu 22.04, chache Debian 12, yote matoleo ya Linux.

Saa moja asubuhi. Matatu imekwama Thika Road, karibu na Muthaiga, kwa hiyo ripoti za usiku zinasomwa kwenye simu. Macho yanatafuta diski iliyopita asilimia 85, seva iliyoacha faili ya /var/run/reboot-required (inataka kuwashwa upya), na barua inayolalamika ya unattended-upgrades, programu inayosasisha yenyewe. Zilizo shwari hazifunguliwi.

Saa mbili. Masasisho yanaanzia seva ya majaribio, kwa apt, chombo kinacholeta vifurushi: `apt update`, kisha `apt full-upgrade -s`, ambayo inaigiza tu bila kugusa kitu. Orodha ya vitakavyoondolewa ndiyo inayosomwa kwanza. Hifadhidata imefungwa kwa `apt-mark hold`, maana haisasishwi mchana watu wakinunua.

Saa tatu unusu, simu. Muuza vipuri wa Kirinyaga Road anataka php8.1-soap, kiongezo cha lugha ya PHP, ili duka lake la mtandaoni liongee na mfumo wa mhasibu. Mpwa wake alijaribu kuiweka akaambiwa kufuli, faili linalozuia wawili wasisasishe kwa pamoja, limeshikwa na mchakato mwingine. Sababu ni saa: seva hiyo inafuata UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Kipima saa cha apt-daily-upgrade, kinachoendesha masasisho ya kila siku, huanza 6:00 ya seva, na kinaweza kuchelewa kwa bahati nasibu hadi dakika 60. Hapa Nairobi hiyo ni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, biashara imeshafunguliwa. Dawa ilikuwa kungoja kidogo. Mpwa aliua mchakato kwa `kill -9`, akafuta /var/lib/dpkg/lock-frontend, akajaribu tena. Faili hilo halifutwi kamwe! Ukilifuta mchakato ukiwa bado hai, wa pili utaunda jipya na kulishika, halafu wote wawili waandike kwenye hifadhi moja ya dpkg, kisakinishi kilicho chini ya apt.

"Kijana, zima uwashe tu. Wateja wananingoja."

"Mzee, nipe nusu saa."

"Nusu saa? Mpwa wangu anasema ni kurestart."

Sasa apt inagoma kabisa, inadai dpkg ilikatizwa. `dpkg --configure -a` inakwenda vizuri mpaka ifike kwenye kerneli mpya, kiini cha mfumo, inaanguka. Mwishoni inasema "Errors were encountered while processing", na hiyo haikuambii lolote. Panda juu hadi kosa la kwanza: update-initramfs, "No space left on device". `df -h` inaonyesha nafasi tele kwenye diski kuu, lakini /boot ni sehemu ya peke yake, imetengewa megabaiti 512, na imejaa pomoni. initrd moja, faili ambalo update-initramfs hutengeneza ili kerneli iweze kuwaka, hupita megabaiti 100 kirahisi, na wakati wa kuitengeneza lazima kuwe na nafasi ya nakala mpya kando ya ile ya zamani. Kerneli za zamani zilikuwa zimewekwa kwa mkono (`apt-mark showmanual` inazitaja), ndiyo maana `apt autoremove`, inayofuta visivyohitajika tena, haikuwahi kuzigusa.

`uname -r` kwanza, ili usiondoe kerneli unayoikalia. Halafu `dpkg --purge` kwa ile kongwe zaidi, linux-image, linux-modules na linux-modules-extra zake zikitajwa katika amri moja, kwa kuwa zinategemeana.

Simu tena. "Bado?" Bado, mzee.

Na hapa ndipo "zima uwashe" ingetuua. Kuondoa kerneli ya zamani huendesha update-grub yenyewe, inayopanga upya menyu ya kuwashia. Kerneli mpya, ambayo haijapata initrd yake, inapanda juu ya menyu. Mtu akiiwasha seva upya dakika hiyo, itasimama kwenye "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", na ugomvi wa nusu saa unageuka kukesha. Kwa hiyo hakuna kugusa mpaka `dpkg --configure -a` imalize, `dpkg --audit` inyamaze, na `ls /boot` ionyeshe kila vmlinuz ina initrd yenye namba ileile.

Kisha soap, ambayo ni kazi ya sekunde chache. Ihakikishe kwa `php-fpm8.1 -m`, maana `php -m` inasoma mipangilio ya terminali, tovuti ina yake.

"Kumbe kazi ndogo hivyo," mzee akasema. Ankara ikaenda jinsi ilivyo.

Githeri saa tisa, imeshapoa. Mchana mwingine ni NO_PUBKEY, kosa la kukosa ufunguo wa kuhakiki saini, kwenye hazina ya vifurushi ya nje: ufunguo mpya unawekwa /etc/apt/keyrings na kutajwa kwa signed-by, kwa sababu apt-key imeshaachwa. Mahali fulani katikati dpkg inauliza kama ibadilishe faili la mipangilio la nginx, programu inayohudumia tovuti. D uone tofauti, halafu N (libaki lako), kila mara, ukiwa umechoka hasa.

Giza limeingia, duka limefungwa. Seva ya Kirinyaga Road inawashwa upya kwenye kerneli mpya na inarudi. Kilichobaki ni `systemctl edit apt-daily-upgrade.timer`. Chini ya [Timer] andika kwanza `OnCalendar=` tupu, la sivyo ratiba ya zamani inabaki na masasisho yanakwenda mara mbili; mstari unaofuata ni `OnCalendar=*-*-* 03:00 Africa/Nairobi`, yaani saa tisa usiku. `systemctl list-timers` inathibitisha. Mpwa naye ameondolewa sudo, yaani uwezo wa msimamizi, mzee akikubali kwa shingo upande.