Mashine Haijui Bamvua

Marehemu baba alivua kwa ngalawa katika ghuba ya Chole, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, na sikumbuki hata siku moja alipotoka nje ya mlango wa Kinasi, njia ya ghuba kwenda bahari kuu, wakati wa kusi huku maji yakikupwa kwa kasi. Hakuwa mwoga, tanga lake halikumruhusu. Mimi nina boti ndogo ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 15, ambayo iko tayari kunipeleka popote kwa saa yoyote, na humo ndimo ilimo hatari yake.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, kisha hukupwa hadi saa 4 au saa 5, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji mengi ya ghuba hutafuta njia ya kutokea mlangoni, na katika miezi ya kusi hukutana na upepo unaotoka kusini mashariki, kwa hiyo mawimbi husimama wima, mafupi na ya karibu karibu. Upepo ule ule, maji yakiwa yanaingia, huwa ni usumbufu tu.

Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu utotoni, lakini Julai moja, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nilitoka saa 2 asubuhi pamoja na mpwa wangu. Kabla hatujaondoka aliniambia, "Mjomba, kamba," akimaanisha ile kamba fupi ya kuzimia mashine ambayo nahodha huifunga mkononi, nami niliifunga ili kumridhisha. Wimbi la tatu pale mlangoni lilininyanyua kutoka kitini na kuniangusha ukingoni, nusu ya mwili ikiwa nje. Kamba ikachomoka na mashine ikazima. Boti ilikaa ubavu kwa mawimbi na kunywa maji mengi, jambo ambalo silipendi hata kulikumbuka, lakini kama ningetumbukia mashine ikiwa inaendelea kuwaka, boti ingeweza kuzunguka na kunirudia kwa rafadha, yaani panga la mashine.

Anayejikuta mahali kama hapo asikimbilie kugeuza. Apunguze mafuta hadi boti iitii tu mkono wake, ayapokee mawimbi kwa bega la omo, yaani upande wa mbele wa boti, badala ya kuyakabili uso kwa uso, na abiria wakae chini katikati. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu. Fungu likishapita hupatikana utulivu mfupi, na hapo ndipo pa kugeuza, mara moja na bila kusitasita. Wakati wa kurudi, mawimbi yakiwa nyuma, kosa kubwa ni mwendo: boti ikilipita wimbi inalolifuata, omo huchimba maji ya mbele na tezi, yaani nyuma ya boti, hugeuzwa ubavu. Ni bora kubaki mgongoni mwa wimbi moja na kwenda nalo.

Mengine ni ya kawaida, ingawa hupuuzwa. Theluthi ya petroli ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na iliyobaki haiguswi. Mchirizi wa maji ya kupoza mashine ukikatika, zima upesi, kwani mara nyingi mfuko wa plastiki umeziba tundu la kuvutia maji. Jaketi la kuokolea huvaliwa. Kwetu limegeuka kuwa mto wa kukalia. Kasia, plagi ya akiba na kamba ya nanga yenye urefu wa angalau mara 5 ya kina cha maji visibaki nyumbani.

Siku hizi, hata baada ya kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, huisimamisha boti ndani ya ghuba na kuutazama mlango kwa dakika 10. Ukiwa mweupe kwa povu, tunatia nanga huku ndani na kuvua changu hadi maji yaanze kujaa.