Khalifa Yupi? Siku Moja Bagamoyo

Basi la Bagamoyo kutoka Makumbusho halijui haraka. Bunju, Mapinga, Kerege, kila kituo konda anashuka kuita abiria. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa na daftari la historia mapajani, anajisomea kwa sauti: "Sultani Khalifa aliwakodisha Wajerumani pwani mwaka 1888. Alifariki mwaka 1960." Mama wa kiti cha mbele akageuka kumtazama.

"Mjomba, kwani alitawala miaka mingapi huyu?"

Nikamwambia tufike kwanza.

Mji Mkongwe tuliuzunguka kwa miguu. Jua kali, milango ya nakshi mingine imebaki fremu tu. Boma la Wajerumani tulilipita bila kusimama. Karibu na Ngome Kongwe kulikuwa na baraza yenye kivuli na mzee amekaa na bakora yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni kitako."

Kijana hakungoja, akatoa swali lake. Mzee akacheka. "Khalifa yupi unayemtaka wewe? Wa Said au wa Harub?" Akachora kwa ncha ya bakora mistari miwili mchangani, mmoja mfupi kama kidole, wa pili ukafika hadi kwenye kandambili zangu.

Ule mfupi ni Khalifa bin Said, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar. Alikaa kitini Unguja tangu 1888 hadi Februari 1890, basi. Ndiye aliyetia saini mkataba wa Aprili 1888 wa kuikodisha pwani, Umba hadi Ruvuma, kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50. Haukupita mwaka Pangani ikawaka chini ya Abushiri bin Salim, na vita vikafika hapa Bagamoyo. Khalifa alipokufa akarithi nduguye, Ali bin Said, na mwaka huohuo wa 1890 Ujerumani ikaichukua pwani moja kwa moja kwa maki milioni 4.

Ule mrefu ni Khalifa bin Harub, kitukuu wa Seyyid Said, sultani tangu 1911 hadi 1960. "Huyo wa ndevu nyeupe, wa kwenye stempu," mzee akasema, "huyo nimemkuta mie." Alimrithi shemeji yake, Ali bin Hamud, aliyejiuzulu akiwa Ulaya. Yaani mara ya kwanza Ali alimfuata Khalifa, mara ya pili Khalifa akamfuata Ali. Mwalimu anayefundisha haya bila kutaja baba zao anawaonea watoto, na hilo nitalisema popote.

Tulipofika Caravanserai, walikofikia wapagazi wa pembe kutoka bara, majina yakazidi kuchanganya. Tippu Tip jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed, el Murjebi, mfanyabiashara aliyefariki Unguja mwaka 1905. Hamud bin Muhammed ni sultani wa 1896 hadi 1902, aliyetia saini amri ya kufuta utumwa mwaka 1897. Irabu moja ndiyo inayowatenga aliyetajirika kwa misafara ya pembe na watumwa na aliyeifuta hali ya utumwa kisheria. Na kabla ya Hamud alikuwepo Hamad, bin Thuwaini.

Mchana tukala pweza na mihogo pale soko la samaki, daftari limefunguliwa pembeni ya sahani, pilipili imedondoka juu ya Hamad. Kijana alikuwa anafuta na kuandika upya. Akanionyesha Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kasri Agosti 1896 na kutolewa kwa mizinga ya Waingereza siku mbili baadaye.

"Huyu angalau yuko peke yake, mjomba."

Nikamwambia alikuwepo Khalid bin Said, baba yake mkubwa, aliyetarajiwa kurithi kiti cha Seyyid Said akafa 1854 kabla ya mzee huyo.

Akaweka kalamu chini. "Hivi watu hawa hawakuwa na majina mengine?"