Nina sukari na kazi yangu ni kupika wali: nilivyojipanga

Mimi ni mama ntilie, kibanda changu kiko Buguruni jirani na gereji, napika wali, ugali, maharage, dagaa, samaki wa kukaanga, Ijumaa pilau, na mwenyewe nina sukari. Naandika hii kwa sababu ushauri mwingi wa kisukari ninaousikia unaongea kama vile mgonjwa anakaa mezani saa saba mchana anapakuliwa, hamna anayetuongelea sisi ambao tangu alfajiri tuko na mwiko mkononi na tunaonja.

Kugundulika ni hadithi fupi. Kiu, kuamka usiku kukojoa kila saa, nguo zinanipwaya na wifi yangu ananisifia nimependeza, nikaenda kupima nikiwa sijala kitu ikasoma 14 na ushee, wakati ikifika 7 hujala wakirudia ikaja hivyo hivyo basi ni kisukari tayari. Nikaanzishwa vidonge vya kushusha sukari, metformin, baadae wakaniongezea vingine, glibenclamide, nikapewa na karatasi ya vyakula. Hiyo karatasi sasa! Apple, mkate wa brauni, oti, maziwa yaliyotolewa mafuta. Yaani hapo gereji nikitokea na oti si watanifukuza. Nesi mmoja mtu mzima akaona sura yangu akaniuliza, "mama, wewe kwako mnakula nini?" nikamtajia, akaniambia basi anza na hicho hicho, punguza wanga ongeza mboga, na ujipime uone.

Hapo kwenye kujipima ndipo mambo yangu yalipokaa sawa. Zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela ilipofika nikanunua mashine. Mashine yenyewe sio tatizo, kinachouma ni vile vijiti vya kupimia, vinaisha haraka na kila kimoja ni hela, kwa hiyo nikasema sitajipima hovyo hovyo. Nikawa napima mara mbili kwa mlo mmoja, kabla sijaweka tonge mdomoni na masaa mawili baada ya kuanza kula, alafu naandika nyuma ya lile daftari la wateja wanaokopa. Mbele madeni ya mafundi, nyuma sukari yangu. Chakula kimoja leo, kingine wiki ijayo, haraka ya nini. Kliniki walishaniambia nilenge kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na nikishakula isivuke 10. Na kama mashine yako inasoma namba kubwa kubwa kama 126 usizimie, hicho ni kipimo kingine, mg/dL, hizi namba zangu ni mmol/L, gawa kwa 18 utapata 7. Jirani yangu alilia na ya kwake.

Wali ninaopakulia wateja naupima kwa kibakuli. Vibakuli viwili, ile sahani ya kawaida ya fundi, vilinipeleka kutoka 6 na kitu mpaka karibu 14. Kibakuli kimoja, na maharage, na mchicha mwingi ambao nimeutangulia kuula kabla ya wali, nikaishia 9. Wali ule ule, sufuria ile ile! Nilirudia siku nyingine nikidhani mashine imekosea, ikaja hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayeniambia wali ni sumu nikamsikiliza, shida ni kiasi na ni nini kimekaa pembeni yake.

Dona sasa, naomba mnisikilize vizuri maana hapa watu wengi wanajidanganya. Kila mtu ukimwambia una sukari anakwambia kula dona, na watu wanakata mlima wa dona kwa sababu ni dawa. Kwangu mimi dona na sembe kwa kiasi kile kile vilipishana kidogo sana. Dona ni bora ndio, ina pumba na kiini, unakaa na shibe muda mrefu, ila ni wanga vilevile, ukila nyingi inapanda. Kilichonishangaza zaidi ni uji wa ulezi, na sikuweka sukari hata chembe, ulinipandisha kuliko ugali, nadhani kwa sababu unga umesagwa laini na uji unakunywa fasta kikombe kinaisha hujajua. Nimeuacha asubuhi, nakula yai na kipande cha muhogo wa kuchemsha na mboga iliyobaki. Lakini huo ni mwili wangu, wa kwako uupime wewe.

Kuonja ndio kazi nyingine. Kijiko cha wali kuangalia kama umeiva, ukoko kidogo maana ukoko wa nazi nani anauacha, kipande cha chapati iliyochanika isiende kwa mteja, mpaka saa sita nimeshakula sahani nzima na kwenye akili yangu sijala. Sasa hivi chumvi naonja kwa mchuzi tu, ncha ya kijiko, na wali namwonjesha binti ninayefanya nae. Chapati zilizochanika tunawapa watoto wa pale nyuma, wamefurahi sana na huu ugonjwa wangu.

Alafu kuna muda wa kula. Wateja wanaanza saa sita mpaka saa tisa, na mama ntilie anakula wa mwisho. Sasa glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, yenyewe haijui kama wateja wako hawajaisha. Siku moja katikati ya kupakua nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, macho hayaoni vizuri, nikapima 3.1. Hiyo ikishuka chini ya 4 usisubiri chakula kiive, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, subiri dakika 15 upime tena, ikiwa bado chini unarudia, ikishakaa sawa ndio unakula chakula chenyewe. Nilirudi kliniki na daftari langu nikamwonyesha daktari masaa ninayokula, akapunguza kile kidonge cha asubuhi na tukakubaliana mimi nile saa tano na nusu kabla mafundi hawajaja. Wateja wakinikuta natafuna wanasubiri, hamna aliyekufa.

Na baada ya kula sikai. Zamani binti ndie alikuwa anapeleka sahani gereji na kwenda kukusanya vyombo, mimi nimekaa kwenye kigoda. Tumebadilishana, sasa mi ndio napeleka, nazunguka gereji zote mpaka kule kwa wachomeleaji, narudi na sinia la vyombo. Ile mizunguko baada ya mlo inashusha kuliko nilivyotegemea maana misuli ikifanya kazi inaitumia ile sukari, nimepima siku niliyozunguka na siku ya mvua niliyokaa, tofauti inaonekana. Na madeni nayo nayakusanya njiani, mafundi walikuwa wanamdanganya sana yule binti.

Nikiwa kazini navaa viatu vya kufunika, ndala nimeacha. Sukari inaua hisia za miguu taratibu, na mimi nafanya kazi na mkaa, kaa likidondoka juu ya mguu wenye ganzi unaweza usijue mpaka usikie harufu. Kila usiku naangalia nyayo zangu kwa kioo kidogo, katikati ya vidole pia. Macho, na mkojo wa kuangalia figo, vinapimwa kila mwaka, na hapo usingoje ukumbushwe, kliniki ina foleni ndefu na daktari ana dakika chache na wewe, uliza mwenyewe.

Shughuli na misiba ndio mtihani. "Wifi kula bwana, siku moja haiui," na soda inafunguliwa mbele yako, ile chupa ya 350 ambayo ina sukari kama vijiko 9. Kugombana sitaki, nilichofanya ni kujitolea kupakua. Anayeshika upawa ndie anayejua sahani yake ina nini, napakulia watu wote nikimaliza najipakulia yangu, kachumbari nusu sahani, nyama, pilau kidogo, maji. Wanasema mama fulani anajituma sana misibani.

Wa dawa za mizizi nao hawakosekani, mmoja alikuja mpaka kibandani na chupa lake, ukinywa hili vidonge unatupa. Nikamuuliza kijiko kimoja kina nini na kinashusha kiasi gani, akaanza kunitajia watu waliopona. Nimempa chai, vidonge vyangu sijatupa.

Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, chenyewe kinasoma kwa asilimia, nilianza kwenye 10 na pointi, cha mwisho kilisoma 6.9, na mimi nililengeshwa chini ya 7. Kinachonisumbua bado ni asubuhi. Nalala na 6 naamka na 8 na sijatia kitu mdomoni, daktari anasema ni ini, kuelekea alfajiri linamwaga sukari yake lenyewe. Sasa hivi najaribu kula chakula cha usiku mapema na kidogo, saa moja badala ya saa tatu, naandika kwenye daftari. Baadhi ya siku inasoma 7, baadhi ya siku 8 ile ile, na nyuma ya daftari kurasa zimebaki chache ntanunua jingine.