Konvata ikigoma kufokasi, usikimbilie kwa fundi

Msimu wa vumbi ukianza, huwa napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa madereva wenzangu wa utalii hapa Arusha. Yuko porini, mgeni wake kafunga konvata (kifaa kidogo cha kukuza picha kinachokaa kati ya lenzi na kamera) kwenye lenzi ya zumu ili simba wa mbali aje karibu, na otofokasi, yaani kamera kujitafutia ukali wa picha yenyewe, imegoma. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, haishiki kitu. "Kaka, hii lenzi imekufa?"

Mara nyingi haijakufa. Nimeona watu wakilipia matengenezo ya lenzi nzima wakati tatizo lilikuwa mwanga, au vumbi kwenye vile vipande vya dhahabu vinavyopitisha mawasiliano kati ya lenzi na kamera. Inaniuma, kwa sababu kwa wengi wetu lenzi ya namna hii ni akiba ya miaka. Kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja, nisirudie kila mara kwa meseji za sauti.

Vifaa vyangu ni hivi: bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ni Canon EOS 7D Mark II, lenzi ni EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II, na konvata ni Extender EF 1.4x III. Napiga zaidi ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha: heroe kwenye maziwa ya Momela, mbega kwenye msitu wa chini ya Mlima Meru. Sehemu hizo mbili zimenifundisha kuhusu fokasi kuliko maelezo yoyote ya kwenye boksi. Ziwani mwanga ni mwingi. Msituni mbega ni mweusi, amekaa kwenye kivuli cheusi, nyuma yake majani. Konvata iliyofanya kazi safi asubuhi ziwani inaweza kukataa kabisa saa moja baadaye msituni, na hakuna kilichoharibika.

Kabla ya yote, chomoa konvata. Elekeza lenzi tupu kwenye kitu kilekile, kwenye mwanga uleule. Ikishika vizuri, mota ya lenzi ni nzima, na neno "imekufa" tuliache. Ikiendelea kugoma hata bila konvata, hapo tatizo liko kwenye lenzi au bodi, na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Konvata ya 1.4x inakula stopu moja ya mwanga, yaani inabakiza nusu, ya 2x inakula stopu mbili, inabaki robo. Namba ya f ni kipimo cha uwazi wa lenzi: ikipanda, mwanga unapungua. Lenzi yangu ikiwa 400mm ina f/5.6, nikifunga 1.4x inakuwa 560mm f/8. Ikiwa 100mm ina f/4.5, inakuwa 140mm f/6.3. Hiyo namba ya f ndiyo kamera inayoiangalia kabla ya kuamua kama itafokasi au la. Kamera nyingi za kioo (DSLR, zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia) za bei ya kawaida zinaishia f/5.6 unapochungulia kwenye tundu. EOS 70D, kwa mfano, imo kwenye kundi hilo. Ukiifunga na lenzi kama yangu pamoja na konvata, hata ukirudisha zumu hadi mwanzo bado uko f/6.3, umeshapita mpaka. 7D Mark II inafika f/8, lakini kati ya pointi zake 65 za fokasi inakubakizia ile ya katikati. 5D Mark IV ya mwaka 2016 ilikuja na unafuu mkubwa: kwa lenzi kama hii na 1.4x III, pointi zote 61 zinafanya kazi kwenye f/8. Ndiyo maana wageni wawili kwenye gari moja, wenye lenzi zinazofanana kabisa, mmoja anapiga na mwingine analalamika. Tofauti iko kwenye bodi.

Hapa kuna swali ambalo huulizwa kila mara, na ni swali zuri: "Mbona bila konvata naweka f/11 na fokasi inashika?" Kwa sababu ile f/11 uliyoweka haipo bado wakati kamera inafokasi. Kamera hufokasi apecha (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga) ikiwa wazi kabisa, halafu hufunga apecha kwenye ile sekunde ndogo ya kupiga. Ukiweka f/11 kwenye lenzi ya f/5.6, jicho la fokasi bado linaona f/5.6. Konvata ni tofauti: f/8 yake ndiyo uwazi wote uliopo, hakuna zaidi ya hapo.

Na kwa nini mpaka uwepo? Ndani ya kamera ya kioo, sehemu ya mwanga hupenya kioo kikuu na kuelekezwa chini na kioo kidogo cha pili, kwenye sensa ya fokasi. Sensa hiyo inalinganisha mwanga unaopita upande mmoja wa lenzi na unaopita upande wa pili, kama macho mawili yanavyopima umbali. Tofauti ya zile picha mbili inaiambia kamera izungushe lenzi upande gani na kiasi gani. Sensa iliyotengenezwa kwa f/5.6 inategemea miale ya pembeni kabisa ya uwazi wa f/5.6. Ukifunga konvata ukabaki na f/8, ile miale ya pembeni haifiki tena. Si kwamba kamera ni mvivu, imekosa cha kulinganisha.

Kutokana na hapo utaelewa njia ya kutokea ambayo wengi hawaijaribu: skrini ya nyuma. Ukitumia skrini badala ya tundu, kioo kinanyanyuka na kamera inafokasi kwa sensa ya picha yenyewe. Kwenye 70D na 7D Mark II, ambazo zina teknolojia ya Dual Pixel, njia hiyo huvuka ule mpaka. Mgeni mwenye 70D aliyekata tamaa, mwambie aweke lenzi juu ya mfuko wa maharage kwenye paa la gari, azime injini, awashe skrini, agonge kwenye uso wa mnyama. Kwa chui aliyelala juu ya mti inatosha kabisa. Kwa ndege anayeruka usimpe matumaini.

Kasi nayo inashuka, na hiyo imepangwa. Canon wenyewe wanaeleza kuwa Extender ya 1.4x inapunguza kasi ya kuendesha fokasi kwa asilimia 50, na ya 2x kwa asilimia 75, ili kamera isipitilize. Kwa hiyo ukiona lenzi imekuwa nzito, hiyo peke yake si ugonjwa.

Kusaka mbele na nyuma ndiko kunakowakera watu zaidi, na kuna mambo kadhaa yanayosaidia kweli. La kwanza ni swichi ya umbali pembeni ya lenzi. Kwenye 100-400 hii kuna FULL na kuna mita 3 hadi mbali kabisa. Ikiwa FULL, lenzi ikikosa kitu inaenda kutafuta hadi karibu mita moja, halafu ianze safari ya kurudi. Mbega keshahama tawi. Weka mita 3. Kisha, kabla hujabonyeza, zungusha pete ya fokasi kwa mkono hadi uone umbo la mnyama, hata likiwa na ukungu kidogo. Kwenye f/8 sensa ikianzia mbali sana na umbali sahihi haioni chochote, lakini ukiisogeza karibu kwa mkono, inamalizia yenyewe. Halafu lenga mpaka wa rangi. Mbega ana manyoya meupe mgongoni na usoni; weka pointi ya katikati pale meupe yanapokutana na meusi, usiiweke kwenye tumbo jeusi. Na kwenye menyu ya 7D Mark II kuna sehemu ya kuamua lenzi ifanye nini fokasi ikishindikana: iendelee kutafuta au isimame. Mimi nimeiweka isimame. Napendelea ibaki karibu na mnyama kuliko ikimbie hadi mwisho wa reli.

Vumbi. Ukifunga konvata unakuwa na nyuso nne za vipande vya dhahabu badala ya mbili: nyuma ya lenzi, mbele ya konvata, nyuma ya konvata, na mdomo wa bodi. Vumbi la Serengeti ya kusini na Ndutu, lile laini lenye asili ya majivu ya volkano, linaingia popote. Dalili zake ni tofauti na za upungufu wa mwanga: fokasi inakuja na kupotea ukitikisa lenzi, apecha inaonyesha 00, au inatokea Err 01, ambayo maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana kasoro. Zima kamera, tenganisha, futa nyuso zote nne kwa kitambaa safi kikavu. Ukifunga tena, anza na konvata kwenye lenzi, kisha vyote kwenye bodi. Na uyafanye haya madirisha yakiwa yamefungwa, tafadhali.

Kuna konvata za makampuni mengine ambazo haziiambii kamera kuwa zipo. Wengine hufika hapohapo kwa kuziba pini za konvata kwa utepe wa gundi. Kuijua ni rahisi: fungua taarifa za picha. Kama umepiga kwenye mwisho wa zumu na konvata imefungwa, lakini picha inasema 400mm f/5.6, kamera haijui kuna konvata. Haitakataa kufokasi, itajaribu tu. Juani itashika, kwenye kivuli itahangaika bila kukuambia sababu. Mimi siipendi njia hiyo. Afadhali kamera inayokataa waziwazi kuliko inayokubali kisha inakupa picha 200 zenye ukungu.

Picha zenye ukungu wakati kamera imesema imeshika, hilo ni suala lingine. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kaa mita 15 hivi au zaidi, tripodi imara, konvata imefungwa. Piga kwa kuchungulia, kisha piga kwa skrini. Ikiwa ya skrini ni kali na ya tundu ni laini, bodi inahitaji marekebisho madogo ya fokasi. 7D Mark II inayo kwenye menyu, kutoka -20 hadi +20, kwa zumu unaweka thamani ya upana na ya mwisho wake, na lenzi yenye konvata inahifadhiwa tofauti na lenzi tupu. Ikiwa zote mbili ni laini kwa kiwango kimoja, toa kwanza filta ya mbele ujaribu tena. Filta ya bei rahisi yenye 77mm inayovumilika kwenye 100mm inaharibu kabisa kwenye 560mm.

Na joto la mchana. Saa sita, ukipiga kuvuka uwanda kwa 560mm, hewa juu ya ardhi inachemka na hakuna kamera duniani itakayoinyoosha. Ukitaka uhakika, piga kitu kilicho mita 20 kutoka kwenye gari. Kikitoka kikali, vifaa ni vizima. Sogea karibu au rudi alfajiri.

Kuhusu 2x kwenye zumu ya f/5.6: nasema usinunue kwa bodi kama yangu. Inakuwa 800mm f/11 na otofokasi ya tundu haipo. 2x ni ya mwenye 70-200mm f/2.8, ambaye anabaki na 140-400mm f/5.6 inayokubalika karibu na bodi zote. Kamera mpya zisizo na kioo zimesogeza mpaka mbali zaidi, EOS R hadi f/11, R5 na R6 hadi f/22, ila mwenye lenzi ya RF 100-500mm ajue kuwa konvata haiingii mpaka avute zumu hadi 300mm, na lazima abaki hapo kwenda juu. Nimemwona mgeni akiisukuma kwa nguvu irudi nyuma. Mzuie mapema.

Ikiwa umepita yote haya na lenzi bado inagoma, hata bila konvata, hata juani, basi mpelekee fundi. Ila mpe bodi, lenzi na konvata vyote vitatu, pamoja na picha za gazeti zenye taarifa zake, na umwandikie inagoma kwenye milimita ngapi na mwanga gani. Fundi aliyepewa lenzi peke yake na neno "haifokasi" atafungua hata kisichohitaji kufunguliwa.