Nilivyopata nafasi ya usanifu wa mandhari bila kuwa mchoraji

Digrii yangu ya kwanza ni ya jiografia. Kuchora niliachia skuli. Hilo halimzuii mtu kusomea uzamili wa usanifu wa mandhari, yaani kupanga maeneo ya nje kama bustani, viwanja na njia za maji: vyuo vingi vya Marekani huchukua miaka miwili kwa aliyesomea usanifu, mitatu kwa anayetoka fani nyingine. Kinachokwamisha ni potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako. Wengi wetu tunadhani lazima iwe majengo ya vioo yaliyochorwa kwa kompyuta.

Mimi nilichukua Mwanakwerekwe, kwetu Unguja, pale ambapo masika barabara hugeuka bwawa. Picha za juu ziko bure mtandaoni. Mradi wa kupiga ramani visiwa vyetu kwa droni, ulioanza 2016, unakuonesha hadi mwembe wa uani kwa mtu. Lakini picha haikwambii ardhi inainamia wapi. Kaka yangu ni mwashi, akatoa ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaotumia mafundi kusawazisha msingi. Tukaujaza maji, yeye ncha moja, mimi nyingine. Maji yakishatulia unapima kutoka usawa wake hadi chini, huku na huku; tofauti ndiyo mteremko. Tukashuka hivyo hadi bondeni, watoto nyuma yetu wakiuliza kama nyumba zitavunjwa.

Mzee mmoja akatuita barazani. "Wanangu, mnajisumbua. Hapa kinamo, hakinywi maji. Kule juu kichanga, mvua ikikatika tu pakavu."

Nikachora mkato mmoja mrefu kwa mkono, yaani ardhi inavyoonekana ubavuni kama imekatwa kwa kisu: kichanga juu, kinamo chini, maji yanapofika masika na yanapobaki kaskazi. Majina ya udongo niliyaacha kama alivyoyataja mzee. Kwenye usaili wa video wasaili walishikilia ukurasa ule ule, michoro ya kompyuta wakaipita.

Barua ya maelezo haikunisumbua. Niliandika juu ya Darajani na ule mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla ya kufukiwa. Ada ndiyo ilinitoa jasho. Chuo cha kwanza kilinikubali bila msaada, nikakikataa, ingawa mama alinuna wiki nzima. Cha pili kilinipa kazi ya kumsaidia mwalimu na kunipunguzia ada.

Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari. Anayetaka kuonesha mafuriko apige picha zake mapema, Machi hadi Mei, maji yakiwa barabarani.